Maharagi ya Taa kwenye Ukuta ya Batoto

Mulinipa keki, discours ine za kuniaga na saa ya ukutani. Mutu amemaliza kazi, munamupa saa, aangalie nini nayo? Sasa munaomba niandike pia namna kazi ilikuwa, eti itasaidia bale benye banaingia ku atelier leo. Sawa, nitaandika. Mais nawaambia mapema: hapa hamutapata grade yangu wala mushahara yangu. Mutapata waya, taa na wivu. Ile ya wivu ndiyo ndefu.

Nilianza kazi Beni, kwenye hospitali moja yenye plafond ya triplex, ile dari ya mbao nyembamba, na popo mingi juu yake, zenye kukojolea mafyuzi. Chef ya électricité alikuwa Muzee Paluku, mutu mufupi, sauti ndogo, masikio kubwa. Siku ya kwanza nilifika na turnevisi, bisibisi mupya, mufukoni, nimevaa salopette ya kazi yenye mama alipiga pasi. Muzee aliniangalia, akanipeleka ku salle ya banamuke, akanionyesha kitanda moja wazi.

"Lala," akasema.

"Muzee, nilikuya kufanya kazi."

"Lala kwanza. Mugonjwa anaangalia plafond siku muzima. Weye fundi unaangalia waya tu. Angalia kile yeye anaona."

Nilitoa viatu nikalala, bamama banacheka. Juu ya uso yangu kulikuwa ampoule moja bila kifuniko, inanichoma macho kama jua. Nilivumilia dakika kumi, nikageuka. Muzee akasema, "Uliona? Ule mama wa hapa amegeuka hivyo tangu Jumatatu, na munganga anaandika kwamba hapana penda kuongea na batu." Tulihamisha ile ampoule mita moja. Kesho yake mama aliongea mpaka bakamuomba anyamaze.

Hiyo ndiyo masomo ya kwanza, na nilichukua miaka mingi kuielewa vizuri. Mukumbuke, maana itarudi.

Kazi ngumu ya Beni nitasema moja tu. Saa tisa ya mchana, mvua kubwa, giza kama usiku, mama iko kwenye meza ya césarienne, banamupasua mutoto atoke, na groupe, ile mashini ya mazout ya kutupa courant, inakohoa mara mbili na kufa. Muzee Paluku alikuwa Oicha kutafuta pièce ya ile mashini. Nilitoka mbio, nikakamata moto, ile pikipiki, ya taximan mwenye alikuwa anajikinga mvua ku mulango, nikatoa batteri na taa yake ya mbele, yeye analia kama nimekata mukono yake. Nilisimama pale nyuma ya docteur nimeshika taa ya ile pikipiki kwa mikono mbili mpaka mutoto akatoka. Mama alipoamuka, aliniita. "Mutoto atachukua jina yako," akasema. Nilifurahi sana! Mais munajua sisi Banande, jina inafuata namna ya kuzaliwa, na ule alikuwa mwanaume wa kwanza. Donc aliitwa Paluku. Jina ya chef yangu, mwenye alikuwa Oicha. Kambale, jina yangu, ni ya mwanaume wa pili, na mutoto wa pili akazaliwa binti.

Munaweza kucheka. Miye pia nacheka leo. Mais ile siku nilienda nyumbani nimekunja uso, na muke wangu akaniambia, "Kambale, weye unaweza kuwa na wivu hata ya jina." Alikuwa ananijua.

Muzee Paluku alipopunguka nguvu, alinipa turnevisi yake ya testeur, ya kupima courant, ile yenye mukono imefungwa na scotch nyeusi. Niko nayo mpaka leo. Alipokufa nilihamia hapa Butembo, baridi yenu na ukungu yenu, na nikawa chef ya atelier. Nilivuta waya ku maternité yote, nilipanga panneaux ya jua juu ya toiture, nilifundisha ba infirmiers wasichomeke chauffage mbili ku prise moja. Hapana faulu, banachomeka mpaka sasa.

Kisha Ebola ikakuya. Sitaeleza yote, bengi kati yenu mulikuwa hapa. Miye nilikuwa navuta courant ku mahema, na kila mahali nilisikia maneno moja: usiguse. Usiguse ukuta, usiguse kitanda, usiguse mutu. Batoto ya miaka mitatu balijua kusema "usiguse" kabla ya kujua kuhesabu. Banakutana na nkambo, babu yao, banatoa kiwiko. Ku milango ya bureau nilifunga zile mashini ndogo ya gel zenye jicho: unaweka mukono chini bila kugusa, inakutemea dawa. Batoto balipenda ile mashini kupita pipi. Magonjwa ilipoisha, mashini ziliharibika moja moja, nikaziweka kwenye karton ku dépôt. Fundi hapana tupa kitu.

Sasa Kavira.

Kavira alizaliwa Kanyabayonga, akasoma sanaa Kinshasa, ile miaka yote ya usiguse alikuwa kule. Docteur wa batoto alimuita atengeneze taa ku salle ya batoto benye baliungua. Kwenye réunion docteur akasema, "Tumeleta artiste wa taa." Artiste wa taa! Nikaangalia plafond. Kila taa ya ile chumba ya réunion niliifunga miye, na hakuna siku mutu aliniita artiste. Baliniita "ule papa wa courant," na mara nyingi ilikuwa juu ya prise ya frigo.

Siku yake ya kwanza nilimufuata nyuma nikijifanya naangalia disjoncteur ya courant. Aliingia ku salle, akasalimia bamama moja moja, akatoa viatu, akalala kwenye kitanda wazi. Akaangalia juu. Kisha akageuka upande, akaangalia ukuta.

"Nani alikufundisha kulala vile?" nikamuuliza.

"Hakuna mutu, Papa Kambale. Niliona tu ni vizuri kujua batoto banaona nini."

Aliona tu! Miye nilifundishwa na muzee mwenye masikio kubwa, nikalala kwa haya, nikachukua miaka kuelewa. Yeye aliona tu. Kama angekuwa mubaya, mwenye kiburi, ningepumuzika. Mais alikuwa na heshima, alinisalimia kwa mikono mbili, alikula mandazi pamoja na sisi ku atelier. Kuonea wivu mutu muzuri ni mbaya sana, hapana na mahali pa kushikilia.

Na akili alikuwa nayo. Alikataa rangi nyekundu na ya machungwa. "Hawa baliungua, Papa. Tusibawekee moto ku ukuta." Aliongea na Kahindo, kine wetu, ule mwenye kunyoosha mikono na miguu ya batoto. Kahindo alimuelezea: mutoto akiungua ku kwapa, ngozi inapopona inavuta, kama nguo yenye imeshonwa vibaya. Lazima ainue mukono kila siku, kila siku, kabla ngozi ikomae. Inauma, mutoto anakataa, mama anamuhurumia, na mukono inabaki chini. Kila Jumatatu Kahindo alisimamisha mutoto kando ya ukuta ya salle, akaweka alama ya kalamu mahali vidole vilifika. Kila mutoto alikuwa na ngazi yake ya alama.

Kavira akachora maharagi. Ile ya kwetu Lubero yenye kupanda mti. Shina inatoka chini ya ukuta, majani tisa ya taa ya kijani inapanda, na juu kabisa ua nyeupe. Mutoto akigusa jani ya kwanza, inawaka. Ya pili, inawaka. Akifika juu, ua linafunguka pole pole. Ili kufungua ua, lazima mukono inyooke yote. Nilipoona ile dessin nilisema, "Si mbaya." Ndani nilisema, kwa nini si miye?

Nilivuta waya siku sita, nikitoboa ukuta ya matofali ya zamani, ngumu sana. Nyuma ya kila jani Kavira aliweka plaque ya shaba, yenye kusikia mukono ya mutu. Siku ya kufungua, akapitisha mukono, maharagi ikapanda, ua likafunguka, bote bakapiga makofi na bakapiga photo. Ile photo iko mpaka leo ku bureau ya docteur. Munaona Kavira, docteur, kine, na échelle yangu, ngazi ya kupandia. Miye niko nyuma ya échelle, munaona viatu.

Kesho yake Kavira akaleta batoto. Wa kwanza alikuwa Masika, wa miaka sita, wa Mulekera, kule Beni. Mama yake alimukimbiza Butembo juu ya vita, na ku nyumba ya ndugu yenye balifikia, sufuria ya maji ya bugali ikamumwagikia bega na kwapa ya kuume. Kavira akapiga magoti kando yake.

"Masika, gusa jani."

Masika akaweka mikono nyuma.

"Gusa, mama. Hapana uma."

Mutoto akatikisa kichwa. Na bengine pia, moja moja: mikono nyuma, mikono ku kwapa, mikono mudomoni. Miye nilikuwa juu ya échelle. Nilielewa pale pale, kabla Kavira asimame. Aliomba batoto ya Beni na Butembo baguse ukuta ya hospitali.

Ningesema neno moja tu. Sikusema.

Saa ya mchana, Kavira ameenda kula, nilikuwa nakusanya vyombo vyangu nyuma ya pazia. Nikaona Masika anakaribia ukuta peke yake. Aliangalia huku na huku. Akavuta mukono ya pullover mpaka ikafunika vidole, namna balimufundisha nyumbani, na akainua ile mukono yenye iliungua. Iliuma, niliona mudomo yake. Akagusa jani ya kwanza na kitambaa. Sasa shaba hapana sikia kitambaa. Inasikia ngozi. Taa haikuwaka. Mutoto alingoja. Akagusa tena, akangoja, akarudi kitandani na kugeukia upande ingine.

Kavira aliporudi aliniuliza, "Papa, kwa nini batoto banasema hapana waka?"

Na miye, fundi ya miaka yote ile, nilimujibu, "Ni courant yetu, binti yangu. Inacheza sana. Kapteri zako za Kinshasa, zile shaba, hapana zoea."

Alinisadiki. Aka! Kwa nini asinisadiki? Miye ndiye nilikuwa najua courant ya hapa kupita mutu yote.

Wiki tatu. Kavira alifungua jani moja moja, akafunga. Alileta stabilisateur ya kutuliza courant. Alipima asubuhi, alipima mchana, aliandika ku cahier. Kila siku alinishukuru: "Wasingya, Papa, bila weye ningepotea." Kila siku aliniletea chai. Na batu bakaanza kuongea. Docteur akasema ku couloir kwamba pengine tutoe ile kitu, tupake rangi. Nilifurahi. Naandika vile juu ni kweli: nilikunywa chai ya ule binti na nilifurahi. Nilijiambia kwamba nitasema wiki ijayo, akisha kuniomba vizuri, mbele ya docteur, ili bote basikie ni nani mwenye anajua taa ku hii hospitali.

Jumatatu ya tatu nilipita karibu na Kahindo wakati alikuwa anapima Masika. Kalamu iliweka alama juu ya alama. Jumatatu tatu, mahali pamoja.

"Anakataa kabisa kuinua," Kahindo akasema, akipumua. "Na ngozi haingoji mutu, Papa Kambale."

Ile siku Mama Masika alinikuta ku mulango ya atelier. Alisimama na mikono imefungana mbele, kama mutu ananiomba kazi.

"Papa mufundi, naomba utoe ile taa."

"Kwa nini, mama?"

"Masika anasema ni taa ya bazima. Alijaribu, ikamukataa. Sasa hapana taka hata kuangalia upande ya kine. Anasema kama taa imekataa ule mukono, ule mukono umeisha kufa."

Nilienda ku salle. Kando ya kitanda ya Masika kulikuwa kitanda wazi, na sijui ni nini ilinishika, nilitoa viatu nikalala, muzee muzima wa imvi. Nikageukia ukuta. Kutoka pale, maharagi ilikuwa kubwa sana, na giza, jani zote tisa.

Sauti ndogo nyuma yangu ikasema, "Papa, na weye ilikukataa?"

Nilikaa juu ya kile kitanda. Nikasema, "Hapana, mama. Haikukataa weye. Ile taa hapana jua weye bado. Ni kosa ya fundi."

Nikaenda ku dépôt, nikatoa ile karton ya mashini ya gel. Zilikuwa zimevunjika plastiki, mais macho yalikuwa mazima karibu yote. Nikamwaga juu ya meza mbele ya Kavira.

"Batoto ya hapa hapana gusa ukuta," nikamwambia. "Balifundishwa. Bakigusa, banagusa na nguo, na shaba yako hapana sikia nguo. Toa shaba. Weka hizi. Hizi banajua."

Aliniangalia, akaangalia macho ya mashini, akaweka mikono ku kichwa. "Mama wee! Na miye nilipima courant wiki tatu!" Kisha akaniuliza pole, bila hasira, "Papa, ulijua tangu lini?"

"Leo tu," nikasema.

Akanikumbatia.

Tulifanya kazi siku mbili, tukichomelea jicho nyuma ya kila jani, na ya kumi ku ua. Alikuwa na mukono mwepesi ku soudure kupita yangu, na hata hiyo iliniuma kidogo, mujue. Siku ya tatu tulimuita Masika. Hakuna mutu alisema "gusa". Nilimwambia tu, "Omba gel." Akaangalia jani, akaona lile jicho, akacheka. Akanyoosha mukono mbele yake, kiganja juu, bila kugusa. Jani ikawaka. Na yeye akasugua mikono pamoja, kama ametemewa dawa! Bamama balicheka mpaka bakalia. Jani ya pili, akasugua. Jani ya tatu, mudomo ukakunjika, mais akainua. Akasugua.

Tangu pale alama za Kahindo zilipanda. Jani ya ine, ya tano, ya sita. Ya saba ilichukua muda murefu. Kisha zikasimama. Ngozi ilikuwa imekomaa. Kahindo alivuta, alipaka mafuta, docteur alizungumza juu ya opération ya baadaye kule Goma, mbali, na njia imefungwa. Kahindo aliniambia, "Bengine banabaki vile hata tukianza mapema, Papa. Hakuna mutu mwenye kosa." Alisema vile kwa wema, hapana jua kitu. Pengine ni kweli. Sitajua hata siku moja, na hapana mahali pa kuuliza.

Kavira aliweka kibao kidogo chini ya maharagi. Niliomba asiandike jina yangu, akafikiri ni unyenyekevu. Aliandika "Kavira na Kambale", herufi sawa sawa. Nilikuwa nimeitamani ile kitu kupita chakula. Munapita pale kila siku. Chini ya kibao, karibu na pembe, kuko alama tatu za kalamu, moja juu ya ingine, inaonekana kama mustari moja mweusi. Wakati mulipaka rangi mwaka jana nilisimama pale mpaka peintre akaruka ile sehemu. Mulifikiri muzee ameanza kuzeeka kichwa. Sasa munajua.

Kavira yuko Beni sasa, anatengeneza taa ku hospitali ingine, ananipigia simu kuuliza mambo ya courant. Namujibu kweli. Bado roho inanichoma kidogo nikisikia banamusifu. Hiyo haikwisha, sitawadanganya.

Ile siku ya keki yenu, mulimualika Masika awashe maharagi. Amekuwa murefu, anasoma darasa ya tano. Aliinua mukono ya kuume mpaka jani ya saba, akabadilisha mukono, akafungua ua na ya kushoto, upesi, kama mutu mwenye amezoea. Mulipiga makofi sana. Kisha docteur akatusimamisha miye na yeye ku ngazi za mbele kwa photo, miye juu kabisa, na hii mara échelle haikunifunika.

Masika alikuwa chini, ngazi tatu chini yangu. Alitaka kunisalimia. Akanyoosha mukono ya kuume kuelekea juu, na ya kushoto ikashika kiwiko, namna mutoto mwenye adabu anasalimia mukubwa. Nilisikia mumoja wenu nyuma anasema, "Angalieni ule binti, namna anajua heshima."

Miye niliona ile mukono ya kushoto. Ilikuwa inasukuma ile ya kuume ipande.

Nikashuka ngazi tatu.